Chombo cha maua chenye sura ya jengo: kipande kimoja, kuunganisha, kukata au kubandika?

Kabla ya kupima udongo, litazame jengo unalotaka kuliiga na uulize jambo moja: mistari yake mikuu inakwenda upande gani? Mistari inayozunguka, kama ngazi za mnara au kanda za ghorofa, gurudumu la mfinyanzi huitengeneza lenyewe. Mistari inayosimama, kama mifereji ya nguzo au kona za jengo, gurudumu haliwezi kuitoa. Itabidi ikatwe udongo ukishakauka nusu. Na kinachochomoza nje, kama roshani au boriti, hakitoki kwenye ukuta uliofinyangwa, kitabandikwa. Wengi huanza na njia waliyoizoea, kisha hulazimisha jengo liifuate, na hapo ndipo chombo hutoka kizito, kimepinda au kina ufa kwenye maungio.

Jambo la pili la kuamua mapema ni kiasi gani cha jengo kiingie kwenye chombo. Chagua sifa moja, au mbili zikizidi. Mnara wa mawe wa Great Zimbabwe, magofu ya kale nchini Zimbabwe, una kimo cha takriban mita 10, mpana chini na mwembamba juu, na mawe yake yamepangwa bila chokaa. Chombo kikishika ule wembamba unaopungua taratibu na safu chache za kuzunguka, mtu anautambua. Ukichora kila jiwe juu ya kuta za sentimita 30, unapata kitu kilichojaa mikwaruzo, na umbo lenyewe linapotea.

Kipande kimoja: minara, pia na ngazi za kuzunguka

Majengo yenye umbo la pia ndiyo rahisi zaidi kuyaleta kwenye gurudumu. Mnara wa Malwiya ulioko Samarra, Iraki, ulijengwa katikati ya karne ya 9, una kimo cha mita 52, na njia ya kupandia inauzunguka kwa nje hadi kileleni. Umbo kama hilo linataka kipande kimoja. Ukiliunganisha, mstari wa maungio utakatiza njia ya mzunguko na jicho litauona mara moja.

Chukulia unataka chombo cha sentimita 30 baada ya kuchomwa. Udongo unaosinyaa asilimia 12 utafinyangwa hadi sentimita 34 (gawa 30 kwa 0.88). Kitako kikiwa na kipenyo cha sentimita 13 na ukuta milimita 6 hadi 7, kilo 2.5 zinatosha na kubakiza kidogo cha kuchonga. Anayejifunza achukue kilo 3, kwa sababu udongo mwingi atauacha chini ya ukuta bila kutaka.

Fungua shimo ukiacha kitako cha milimita 8 hadi 10, kisha kikandamize kwa kibao cha mti kutoka ukingoni kwenda katikati na kurudi, mara tano au sita. Ukuta hubanwa na vidole kila unapoupandisha, lakini kitako hakibanwi na kitu. Ndiyo maana kikiachwa hivyo hupasuka wakati wa kukauka kwa ule ufa wa umbo la S. Pandisha ukuta mara tatu au nne, kila mara ukianzia chini kabisa. Usiuachie mdomo upanuke. Kuupanua na kuurudisha ndani ni kazi mbili, na ya pili huuchosha udongo. Unapobana shingo, acha gurudumu lizunguke kwa kasi ya wastani na mikono ibane polepole. Ukibana kwa ghafla, ukuta unakunjamana kwa mikunjo ya mshazari, na mikunjo hiyo hata ukiilainisha kwa nje hubaki kama udhaifu ndani ya ukuta. Kila ukibana, ukuta huwa mnene, kwa hiyo upandishe tena kidogo kabla ya kubana mara ya pili.

Ngazi za kuzunguka zinatengenezwa kwa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Njia ya kwanza ni kuzibonyeza udongo ukiwa mbichi: kibao chenye kona ya nyuzi 90 kwa nje, kidole kikitegemeza kwa ndani. Anzia juu ukishuka, kwa sababu kila unapobonyeza, nguvu inapita kwenye ukuta wa chini; ukianza na ngazi za chini, umeshaudhoofisha ukuta utakaobeba kazi ya juu. Ngazi isizidi upana wa sentimita 1, maana bapa la udongo mbichi lenye uzito juu yake hulegea na kushuka. Njia ya pili ni kuacha ukuta wa milimita 12, kuungoja ukauke nusu, kisha kuchonga ngazi kwa chuma huku gurudumu likizunguka. Iliyobonyezwa hutoa kingo laini, kama jengo la udongo lililooshwa na mvua. Iliyochongwa hutoa kingo kali za jiwe lililokatwa. Kwa mnara wa matofali au zege naona kuchonga kunashinda kabisa, hata kama chombo kitakuwa kizito kidogo. Kwa njia ya mzunguko kama ya Malwiya, chonga kwa mpando mmoja: gurudumu polepole, mkono ukipanda kwa mwendo usiobadilika. Ukisimama katikati, pale ulipoanzia tena hapafichiki.

Ukuta ulionyooka kabisa una tatizo lake. Machoni huonekana umebonyea katikati. Wajenzi wa mahekalu ya Ugiriki ya kale waliipa nguzo uvimbe mdogo katika kimo chake, na maelezo yanayotolewa tangu zamani ni kwamba uvimbe huo hurekebisha kosa hilo la macho. Kwenye chombo cha sentimita 30, milimita 2 au 3 za uvimbe zinatosha. Pitisha kibao kirefu kwa nje na usukume kidogo kwa ndani kuanzia theluthi ya chini.

Vipande viwili au vitatu: jengo refu, au jengo linalobadilika njiani

Kuunganisha si njia ya wasioweza kufinyanga kirefu. Ni njia sahihi kwa jengo ambalo sehemu zake zinatofautiana: msingi mpana, kiwiliwili kilichonyooka, kuba juu. Vilevile chombo kikipita sentimita 35 hadi 40 baada ya kuchomwa, kipande kimoja kinahitaji kilo 5 au 6, na udongo wa chini hukaa na maji muda mrefu huku wewe ukihangaika na wa juu. Vipande viwili vya kilo 2.5 kila kimoja hufika kimo hicho kwa ukuta mwembamba zaidi.

Siri ya kazi hii ni mahali pa kuungia. Tafuta penye mstari kwenye jengo lenyewe: ukanda wa ghorofa, ukingo wa paa, pale kuba linapokalia ukuta. Maungio yakiwekwa hapo, unene wake unakuwa sehemu ya sura. Yakiwekwa katikati ya ukuta laini, utayasugua, yatapotea, kisha joto la tanuri litayarudisha kama mkanda mwembamba uliovimba. Glezi inayong'aa, yaani ule mpako unaogeuka kama kioo ukichomwa, humulika mkanda huo zaidi.

Utaratibu ni huu. Finyanga kipande cha chini na mdomo wake uwe na unene wa milimita 10 hadi 12, uukate mfereji wa umbo la V kuzunguka. Pima kipenyo kwa kalipa, kifaa cha miguu miwili cha kupimia vipenyo. Kipande cha juu finyanga bila kitako, kikiwa kichwa chini juu ya kibao chake, ili mdomo utakaokutana na wa chini uwe ndio unaoutengeneza kwa vidole. Uchonge uwe na ncha itakayoingia kwenye ule mfereji. Vipenyo visitofautiane zaidi ya milimita 1.

Hapa pana kosa linalowapata hata wazoefu. Kipande cha chini kikifinyangwa leo na cha juu kesho, cha chini kimeshasinyaa. Mdomo wa sentimita 14 ukipungua asilimia 4 umepoteza zaidi ya milimita 5, na kipimo cha jana hakifai tena. Ukisahihisha kwa kupima upya, vipenyo vitalingana siku hiyo tu, maana kipande kibichi bado kina safari ndefu ya kusinyaa na kitauvuta mwenzake. Vifinyange vyote siku moja, kutoka kwenye donge moja lililokandwa pamoja.

Acha kuta zikauke hadi zibebe uzito, lakini funika midomo kwa ukanda wa plastiki ili ibaki na unyevu. Wakati wa kuunganisha ni pale ukucha unapoacha alama kwenye mdomo bila udongo kunata kidoleni. Chanja midomo yote miwili, paka uji mzito wa udongo uleule, kisha geuza kipande cha juu pamoja na kibao chake ukikalishe. Weka pimamaji juu ya kibao, pande mbili, kabla ya kukikata kwa waya. Baada ya hapo zungusha gurudumu polepole na ushone maungio kwa vidole, ndani na nje. Kama mkono haufiki ndani, tumia sifongo iliyofungwa kwenye kijiti. Uji uliobaki ndani usiuache, kwa sababu una maji mengi kuliko ukuta, husinyaa zaidi, na ufa huanzia hapo.

Ufa wa mzunguko unaotokea siku tatu au nne baadaye karibu kila mara unatokana na unyevu usiolingana. Dawa yake ni kukifunga chombo chote ndani ya plastiki kwa siku mbili baada ya kuunganisha, maji yagawane, kisha ndipo uanze kukikausha.

Kipimo cha kuchagua kati ya njia hizi mbili ni kirahisi. Ukiweza kuchora umbo la jengo kwa mstari mmoja bila kuinua kalamu wala kupiga kona kali, lifinyange kipande kimoja. Kalamu ikibidi igeuke ghafla, hapo ndipo pa kuungia.

Kukata: nguzo, pembe na pande bapa

Majengo mengi yana pande, na gurudumu hutoa duara. Kuna watu wanaodhani ni suala la kuchukua waya na kukata hadi chombo kiwe cha pembe nne. Hesabu inakataa. Kina unachohitaji kukata katikati ya kila upande kinategemea idadi ya pande. Kwa chombo cha kipenyo cha sentimita 12:

| Idadi ya pande | Kina cha kukata katikati ya upande | Unene wa ukuta unaofaa |
|---|---|---|
| 4 | milimita 17.6 | usikate. Piga kwa kibao |
| 6 | milimita 8 | milimita 14 |
| 8 | milimita 4.6 | milimita 11 |
| 12 | milimita 2 | milimita 8 |

Kipenyo kikiongezeka mara mbili, kina nacho kinaongezeka mara mbili. Kwa hiyo chombo kipana cha pande sita kinakula udongo mwingi sana, na pande nane ndizo zinazolipa zaidi: jicho linaziona wazi kuwa ni pande, na ukuta haulazimiki kuwa mnene kupindukia. Nikilazimika kupendekeza idadi moja kwa anayeanza, ni nane.

Jengo la pembe nne linatengenezwa kwa kupiga. Finyanga silinda ya ukuta wa kawaida, milimita 7 au 8, ingoje mpaka ikunjike bila kunata, kisha igonge kwa kibao bapa upande mmoja, wa pili unaoelekeana nao, halafu miwili iliyobaki. Rudia mara nyingi kwa mapigo mepesi. Pigo moja zito hupasua kona kwa ndani usikouona. Kitako nacho kikate au kibonyeze kiwe mraba, vinginevyo ukuta wa pembe nne unaokalia kitako cha duara utavutwa na kurudi kwenye duara wakati wa kuchomwa.

Mifereji ya nguzo ni kazi tofauti na pande bapa. Nguzo ya mtindo wa Doriki wa Ugiriki ya kale kwa kawaida ina mifereji 20 inayokutana kwa kingo kali. Ya Ioniki, mtindo mwingine wa Ugiriki, ina 24, na kati ya mfereji na mfereji kuna ukanda mwembamba bapa. Kwenye udongo ukanda huo ni faida kubwa, maana kingo kali humeguka zinapoguswa na glezi huzikimbia. Tena 24 ni rahisi kugawa: zungushia ukanda wa karatasi, ukate penye kukutana, ukunje mara tatu sawasawa, kisha nusu, nusu na nusu tena. Kwa 20 itakubidi upime. Mzingo wa kipenyo cha sentimita 12 ni sentimita 37.7, hivyo kila mfereji unapata milimita 18.8.

Nguzo inapungua juu lakini idadi ya mifereji haipungui. Kipenyo cha juu kikiwa sentimita 9.6, mfereji uleule unabaki na milimita 15. Chuma cha kitanzi chenye upana mmoja kitakula kingo kule juu. Anza na kina cha milimita 4 chini na ulegeze mkono unavyopanda hadi milimita 2 au 3, au tumia vyuma viwili. Ukuta uwe milimita 9 au 10. Simamisha mistari kwa timazi au kwa rula iliyoegemezwa kwenye kibao wima, usiamini macho, kwa sababu mstari mmoja ulioinama huwavuta wote wanaoufuata. Acha sentimita 1 bila mfereji chini ya mdomo na juu ya kitako. Pete hizo mbili ndizo zinazozuia chombo kuyumba umbo.

Udongo ukiwa mbichi mno, chuma huburuta na kuacha manyoya pembeni. Ukikauka kupita kiasi, humeguka vipandevipande. Hali nzuri ni pale unapochonga na utepe wa udongo kutoka mzima, umejikunja, bila kukatika wala kunata kwenye chuma. Hali hiyo haidumu. Kwenye hewa kavu unaweza kuwa na saa moja tu, kwa hiyo kipulizie maji kwa ukungu na ufunike nusu usiyoifanyia kazi.

Ipo njia ya tatu isiyotumiwa sana, nayo inapendeza. Kata pande udongo ukiwa mbichi bado juu ya gurudumu, ukuta ukiwa mnene, kisha ingiza mkono ndani na uupanue bila kugusa nje. Pande zinavimba, kingo zinapinda kwa mshazari, na chombo kinafanana na majengo marefu ya kisasa yanayojisokota. Umbo halitabiriki sana, na ukipanua kupita kiasi ukuta hutoboka katikati ya upande, pale ulipokata zaidi.

Kubandika na kutoboa

Msikiti Mkuu wa Djenné nchini Mali, ambao jengo lake la sasa ni la mwaka 1907, una boriti za mti wa mvumo zinazochomoza ukutani, na mafundi huzipanda wanapopaka udongo upya. Minara miwili ya Marina City huko Chicago, ya miaka ya 1960, imezungukwa na roshani za nusu duara. Vitu hivi vikiondolewa, jengo halijulikani tena. Basi hapa hakuna ujanja, utabandika.

Kibandikwa kiwe cha udongo uleule, chenye unyevu uleule, na unene usiozidi wa ukuta. Kikiwa kibichi kuliko ukuta, kitasinyaa na kujibandua. Kwa vijiti vya mfano wa Djenné, usivigandishe juu tu: toboa tundu, chanja, paka uji, ingiza kijiti hadi kionekane kidogo upande wa ndani, kisha ukisawazishe kwa kidole. Nje kisizidi sentimita 1.5. Kirefu zaidi ya hapo huvunjika wakati wa kukibeba chombo kwenda tanurini, kabla hata ya kuchomwa, na kijiti kilichovunjika kikiwa kikavu hakibandikiki tena. Ncha hukauka kwanza, kwa hiyo zifunike kwa vipande vya plastiki huku ukuta ukiachwa wazi.

Roshani ni ngumu kuliko vijiti. Ukanda unaozunguka chombo chote unavutwa pande zote unaposinyaa, na ukikauka kabla ya ukuta hukatika sehemu moja. Ni bora kuufinyanga ukanda huo kama sehemu ya ukuta, yaani kuacha pete nene na kuikata iwe roshani baadaye. Ikiwa jengo lina roshani kumi na mbili kwa kila ghorofa na ghorofa nane, hizo ni sehemu 96 za kubandika na kila moja ni nafasi ya ufa. Punguza ghorofa.

Madirisha yanaleta swali la maji. Chombo chenye matundu hakishiki maji kupita tundu la chini kabisa, kwa hiyo ama matundu yawe juu ya usawa wa maji, ama uweke bomba la kioo ndani, ama ufinyange kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Kuta mbili ni kazi nzuri kwa mzoefu, ila lazima pawe na tundu la kutoa hewa kati yake. Kata matao badala ya miraba. Kona kali ndiyo ufa unapoanzia. Tao hutawanya nguvu, kama linavyofanya kwenye jengo. Ukitaka mraba, toboa tundu dogo la duara kila kona kwanza. Nguzo kati ya tundu na tundu zisipungue sentimita 1.5, la sivyo ukuta wa juu utazilemea kwenye joto kali na matao yatafunguka miguu.

Udongo unafuata njia, si kinyume chake

Udongo mwekundu wa joto la chini, unaochomwa kati ya nyuzi 1000 na 1100 za Selsiasi, haulegei tanurini na husinyaa kidogo. Kwa vibandiko vingi na matundu mengi ndio salama zaidi. Kasoro yake ni kwamba unabaki na vinyweleo, na bila glezi nzuri ndani maji yatapenya.

Udongo wa joto la juu, nyuzi 1200 hadi 1300, ukichanganywa na chenga za vigae vilivyosagwa, ndio chaguo langu kwa kuunganisha na kupiga pembe nne. Chenga hupunguza kusinyaa na huruhusu maji kutoka kwenye ukuta mnene. Lakini usiutumie kwa mifereji: chuma huchomoa chenga na kuacha mikwaruzo kwenye kila mfereji. Kwa kukata tafuta udongo uleule bila chenga, au wenye chenga laini kama unga.

Kauri nyeupe hushika kingo kali kuliko udongo wowote, na mwanga hucheza juu ya mifereji yake vizuri sana. Ila inasinyaa asilimia 12 hadi 15 au zaidi, inalegea kwenye joto la juu, na ina kumbukumbu. Msokoto unaoingia wakati wa kufinyanga hufunguka kidogo tanurini, na mistari uliyoisimamisha kwa timazi inaweza kutoka imeinama. Kusokota kidogo kadiri iwezekanavyo, yaani kuupandisha ukuta mara chache na bila maji mengi, ndiko kunakosaidia. Umbo linalopanuka kwenda juu, kama jengo la makumbusho la Guggenheim la New York lililofunguliwa mwaka 1959, usilijaribu kwa kauri nyeupe kabla ya kulijaribu kwa udongo mwingine. Ukuta unaoinama nje kwa nyuzi 45 au zaidi hushuka mdomo.

Glezi nayo ichaguliwe kwa kina cha mistari. Glezi nene isiyopenyeza mwanga hufukia mstari wa milimita 1 kabisa. Ile inayopenyeza mwanga hujaa kwenye mifereji ikawa nyeusi zaidi na kufifia kwenye kingo, hivyo inachora jengo upya. Ngazi zilizochongwa kwa ukali mara nyingi hazihitaji glezi nje hata kidogo.

Kukausha, kuchoma na kusimama

Chombo cha ukuta mmoja wa milimita 7 hukauka kwa wiki moja. Kilichokatwa pande, chenye ukuta unaobadilika kutoka milimita 6 hadi 14, kipe wiki mbili chini ya plastiki iliyolegezwa, kichwa chini kwa siku za katikati ili kitako kisiachwe nyuma. Katika uchomaji wa kwanza, shikilia nyuzi 80 hadi 90 kwa saa nne au zaidi ikiwa kuna sehemu nene, kisha panda nyuzi 60 hadi 100 kwa saa mpaka upite 600. Maji yaliyobaki yakichemka ndani ya ukuta, chombo hulipuka. Tanuri linapopoa, usilifungue mapema: karibu na nyuzi 573 chembe za kwazi, madini yaliyomo kwenye udongo, hubadilika ukubwa ghafla, na penye unene usiolingana ndipo panapopasuka.

Minara inavutia ikiwa miembamba, lakini chombo cha maua hubeba matawi. Kipenyo cha kitako kisipungue robo ya kimo kwa maua machache, na theluthi kwa matawi yanayoinama. Ukitaka mnara mwembamba kuliko hapo, acha kitako chenye unene wa milimita 12 hadi 15 na ukikandamize zaidi ya kawaida, uzito ukae chini.

Kabla ya kukitumia, kijaze maji na ukiache usiku kucha juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa kwenye duara la kitako, glezi ya ndani haikufika kila mahali. Kipashe joto kidogo, mimina glezi ndani, izungushe na kuimwaga, kisha kichome tena. Ikilowa upande mmoja tu, fuatilia juu yake hadi kwenye maungio, kwa kuwa mara nyingi ni ufa mwembamba wa pale, na chombo hicho kitumie kwa maua makavu au kiwekee bomba la kioo ndani.